Somo la Wiki: Kompyuta Ifunge Hesabu Yenyewe Usiku

Mfanyabiashara wa nyama pale Vingunguti hauzi kwa fedha taslimu peke yake. Wenye mabucha huchukua mzigo leo, wakalipa kesho kutwa. Siku hizi madeni hayo yamo ndani ya kompyuta, na diski ikifa bila nakala, mdai hana cha kuonyesha.

Wengi hunakili mafaili huku programu ya hesabu ikiwa wazi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu hizo, haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Nakala huonekana nzima, kumbe ni vipande vya saa tofauti, na siku ya kuihitaji inakataa kufunguka. Kwa duka linalolala usiku, njia rahisi ni kufunga hifadhidata, kunakili, kisha kuifungua tena. Kazi hiyo asiachiwe karani. Windows ina kipanga kazi chake na Linux ina cron. Vyote hufuata saa utakayoweka. Machinjioni alfajiri ndiyo sokoni, basi chagua saa 5 usiku, si saa 10.

Anayetumia Oracle aangalie aina ya ufungaji. Ule wa kawaida husubiri kila mtumiaji atoke: karani mmoja akienda nyumbani na kuacha programu wazi, hakuna nakala usiku huo. Ule wa haraka huwatoa wote na kufuta miamala ambayo haijathibitishwa. Ule wa kukata ghafla ni sawa na umeme kukatika, na wanaokumbuka mgawo wa 2006 na 2011 hawahitaji maelezo zaidi.

Amri ziende hivi: funga, hakikisha imefungwa kweli, nakili, fungua. Na ifunguliwe hata kama kunakili kumeshindikana! Hili husahaulika mno. Diski ya nje ikijaa, kazi hukwama katikati, na asubuhi wateja wamepanga foleni mbele ya mashine iliyolala.

Mara moja kwa mwezi fungua nakala kwenye kompyuta nyingine, umtafute mdaiwa mmoja na salio lake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo nakala ya leo isifute ya jana. Tumia diski mbili za kupokezana, na ile ya mwisho wa mwezi ikalale nyumbani, mbali na duka.