Leseni ya Bia Si Leseni ya Kamari

Mama mmoja wa Bulla Pesa alitujia analia: kijana wake wa miaka 13 anamaliza pesa ya unga kwenye mashine ya kamari ndani ya baa. Mwenye baa alimwonyesha leseni ukutani, naye akanyamaza. Tukamwambia arudi aisome. Kumbe ilikuwa ya pombe tu.

Hapo ndipo wengi tunachezewa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaitaja kamari na leseni ya vileo mbali mbali, zote zikiwa kazi ya kaunti (kwa kamari, serikali kuu nayo ina sehemu yake). Moja haifuniki nyingine. Na chini ya sheria ya vileo ya 2010, mtoto hajafika 18 haruhusiwi hata kuingia baa. Basi hata hiyo leseni ya bia iko hatarini.

Wazazi wa mtaa mmoja waulize kaunti kwa maandishi: mashine hii ina kibali? Ibara ya 35 inawapa haki ya kujibiwa. Msiende kwa mdomo, hata kama karani ni shemeji. Andikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri, mrudi nayo nyumbani.