Kiti cha Mbele ni cha Nani?

Somo: Yakobo 2:1-9

Jumapili tulisikia Yakobo akiwakemea ndugu waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na maskini wakamwambia asimame kule. Wengi mliitikia amina. Mimi nilinyamaza. Miaka ile nikihudumu mlangoni, siku moja ya harambee, nilimwinua mama mzee kutoka mstari wa kwanza ili mheshimiwa apate pa kuketi. Mama akachukua Biblia yake na leso, akaenda nyuma. Wala sikutumwa na mtu.

Sisi Wapentekoste tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1906, uamsho ulishuka Mtaa wa Azusa, Los Angeles, Marekani. Aliyeongoza ni William Seymour, mtu mweusi, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Kabla ya hapo, kule Texas, alitaka kusoma Neno, lakini kwa sababu ya ubaguzi hakuruhusiwa kuketi darasani na wazungu. Alisikiliza akiwa nje ya mlango. Hebu fikiria!

Jengo la Azusa lilikuwa kuukuu, limewahi kuwa zizi. Watu walikalia mbao, na mimbari ilikuwa masanduku tu. Hapo weusi, wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja, na mfanyakazi wa nyumbani akisimama kushuhudia, waliosoma walimsikiliza. Lakini tusijidanganye, haikudumu. Miaka michache baadaye Wapentekoste wa Marekani walikuwa wamegawanyika kwa rangi, kila upande na makanisa yake.

Hata Korintho walikuwa na desturi nzuri ya Meza ya Bwana. Wenye nacho walitangulia kula wakashiba, wengine wakabaki na njaa, na Paulo hakuwasifu. Sisi tunaitana ndugu na dada kila wiki. Je, kwenye mazishi ya dada anayeuza mboga tunajaa kama tunavyojaa kwa mwenye gari?

Yule mama nilimtafuta baada ya wiki kadhaa, nikamwomba msamaha. Alinisamehe upesi. Nikamsihi arudi mbele, akasema hapo karibu na mlango ameshapazoea.

Jumatano, katika ushirika wa nyumbani, someni 1 Wakorintho 11:17-34. Kisha mtaje, kwa upole, ni nani kati yetu hajawahi kuitwa kushuhudia.