Krokosmia Imekununia? Mambo 6 ya Kujaribu Wikiendi Hii

Majani tele, ua hata moja hakuna! Usikate tamaa. Krokosmia ni mmea wa maua wenye asili ya Afrika, na jamaa zake huota porini kuanzia Afrika Kusini hadi Tanzania. Mara nyingi kinachoikwaza ni mikono yetu wenyewe.

1. Vunja msongamano
Chimbua kichaka uone: matunguu yamebebana kama sahani kabatini, la mwaka huu juu ya la mwaka jana. Yatachanuaje? Kila miaka 3 au 4, yatenganishe na uyapande upya, sentimita 10 kati ya moja na jingine. Yakinuna msimu mmoja, vumilia.

2. Punguza ukarimu
Umeipanda chini ya mparachichi, kisha ukaimwagia samadi ndoo nzima? Kivuli kizito huzuia maua, na nitrojeni nyingi hunenepesha majani tu. Ihamishie penye jua, uipe mboji kiasi.

3. Maji sawa, dimbwi hapana
Bonyeza tunguu kwa kidole. Likiwa gumu, salama. Likibonyea, limeoza, litupe. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, inua tuta maji yapate pa kupita.

4. Wakamate wadudu kwa karatasi
Majani yamepauka, yana vidoadoa? Yatikise juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikianza kutembea, huo ni utitiri mwekundu, mpenzi wa kiangazi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, urudie kila baada ya siku chache.

5. Mashina yalalayo, yainue
'Lucifer', aina nyekundu iliyozalishwa na Mwingereza Alan Bloom, hupita mita 1, kwa hiyo upepo haiuwezi. Fukia matunguu sentimita 8 hadi 10, kisha zungushia vijiti na kamba ya mkonge.

6. Isivuke ua
Ikikolea, haikamatiki! Aina chotara aliyoizalisha Mfaransa Victor Lemoine karibu na mwaka 1880 sasa ni gugu sugu Uingereza na New Zealand. Kwa hiyo matunguu ya ziada usiyatupe mtoni wala kichakani. Yatie kwenye kopo umpelekee jirani. Mwakani akija kulalamika kwamba haichanui, wewe mpe jembe tu.