SOMO: WANAWAKE WA MAJENGO WALIVYOFUNDISHANA KUJIKINGA NA UKIMWI

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele za watu. Linahusu wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na jinsi ya kuwafikishia kinga ya UKIMWI. Vijijini wanawake hawa huitwa kwa majina mengi ya matusi. Katika somo hili hatutayatumia. Tusi halimponyi mtu, wala halimkingi jirani yake.

Tunakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Utaona kwamba jambo hili si la mjini peke yake. Linafika mpaka mlangoni kwetu.

1. WANAWAKE HAWA NI NANI?

Ukiuliza kilabuni au kisimani, utajibiwa: "Ah, hao ni watu wa mjini." Si kweli. Wengi wao walizaliwa vijijini, wakalima, wakachota maji, wakacheza ngoma kama sisi.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Huko Nairobi, nchini Kenya, kuna mtaa unaoitwa Majengo, katika sehemu ya Pumwani. Tangu wakati wa ukoloni wanawake wamepanga vyumba pale na kufanya biashara hii. Mwanahistoria Luise White wa Marekani aliandika habari za wanawake wa Nairobi wa zamani katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Anaeleza kwamba katika miaka ya 1930 wanawake kutoka Bukoba walikwenda kufanya kazi hiyo Nairobi. Wakati ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na mashamba ya nyumbani yalihitaji fedha. Wanawake wale walituma fedha kwao. Basi familia zilikula jasho lao, huku watu wakiwasema vibaya.

Tusiwanyoshee kidole watu wa Kagera. Majengo walikuwako pia wanawake wa sehemu nyingi za Kenya, na wengine wa Uganda. Na leo biashara hii iko katika miji yetu yote, migodini, kwenye mialo ya wavuvi, na mahali malori yanapolala.

Wataalamu wamewahoji wanawake hawa mara nyingi katika nchi za Afrika Mashariki. Majibu yanafanana. Wengi ni wa umri wa miaka 20 hadi 35. Wengi wana watoto wa kulisha na kusomesha. Wengi waliishia elimu ya msingi. Wengi waliwahi kuolewa, kisha wakaachika, au mume akafa. Wapo waliofukuzwa shambani na ndugu wa mume siku chache baada ya tanga.

Tena hawafanani katika kazi yao. Mmoja hukaa mlangoni kwake. Mwingine ni mhudumu wa baa. Mwingine husimama barabarani usiku. Mwingine huifanya kwa miezi michache tu, chakula kinapokwisha ghalani. Kwa hiyo hakuna njia moja ya kuwafikia wote.

Jambo moja tuliweke wazi. Mtoto wa chini ya miaka 18 hafanyi biashara. Huyo anatendewa jinai. Anayejua habari zake akatoe taarifa.

2. UGONJWA ULIPOINGIA

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kufika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Wakati huo huo, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, nchini Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa Nairobi. Mwaka 1985 damu ya wanawake 90 wanaofanya biashara ya ngono mjini humo ilipimwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1986. Kati ya wanawake maskini, 66 katika kila 100 walikuwa na virusi. Kati ya wale wenye wateja wa fedha nyingi, walikuwa 31 katika kila 100.

Ndugu msomaji, chukua vijiti 100, uvipange chini. Ondoa 66. Tazama vilivyobaki. Ndivyo hali ilivyokuwa kwa wanawake wale maskini.

Watu wengi walisema: "Hao ndio wanaoleta ugonjwa." Lakini tufikiri kidogo. Virusi havioti ndani ya chumba cha mwanamke kama uyoga. Kila mwanamke aliyeambukizwa kwa njia hii aliambukizwa na mwanamume. Na mwanamume yule alikuwa na kwao: mke, mchumba, watoto. Fedha alizolipa zilibaki Majengo. Virusi alirudi navyo nyumbani.

3. KAZI ILIYOFANYIKA MAJENGO

Sasa je, walifanya nini? Wangeweza kuwafukuza wanawake wale. Lakini anayefukuzwa huenda kujificha mahali pengine, na huko huwezi tena kumfikishia dawa wala mafundisho.

Muuguzi mmoja Mkenya, Elizabeth Ngugi, alishika njia nyingine. Baadaye alikuwa profesa, na alifariki mwaka 2015. Yeye na wenzake waliwaita wanawake kwenye baraza. Waliwaeleza kwa lugha nyepesi ugonjwa ni nini, unaambukizwaje, na unazuiwaje. Wanawake waliuliza maswali, wakajibiwa bila kutukanwa. Waligawiwa kondomu bure. Kaswende, kisonono na pangusa zilitibiwa. Magonjwa haya huacha vidonda au uvimbe, na hapo virusi vya UKIMWI hupata mlango wa kuingilia.

Lakini jambo kubwa lilikuwa hili: wanawake walichagua viongozi kati yao wenyewe. Viongozi hao walipita chumba hadi chumba wakiwafundisha wenzao. Tunawaita waelimishaji rika. Kwa nini njia hii ilifaa? Kwa sababu mwelimishaji rika anajua saa ambayo mwenzake ameamka na saa ambayo yuko kazini. Anajua mteja anavyobembeleza na kuongeza fedha ili kondomu isitumike. Anajua pia jibu la kumpa.

Tena walielewa kwamba mmoja peke yake hawezi. Mwanamke mmoja akikataa mteja asiyetaka kondomu, na jirani yake akamkubali, yule wa kwanza hulala njaa. Wote wakikataa, mteja hana pa kwenda. Wale wenzetu walio katika chama cha ushirika wanaijua hesabu hii. Anayeuza peke yake hupangiwa bei na mnunuzi.

Mwaka 1988 matokeo ya kazi hiyo yaliandikwa katika jarida la madaktari. Matumizi ya kondomu yalikuwa yameongezeka sana, na wanawake waliozitumia waliambukizwa kwa uchache kuliko wasiozitumia.

4. TUFANYE HESABU

Mwaka 1991 wataalamu walipiga hesabu ya faida ya kazi ile. Walikadiria kwamba kwa kuwafikia wanawake kama 500, maambukizo mapya kati ya 6,000 na 10,000 yalizuiwa kila mwaka.

Unaweza kuuliza: wanawake 500 tu, watu 10,000 wametoka wapi? Ni hivi. Mwanamke mmoja ana wateja wengi kwa mwaka. Wateja wengi wana mke au mpenzi mahali fulani. Mke hupata mimba, na mtoto anaweza kuambukizwa. Ukizuia pale mwanzo, umezuia mlolongo mzima. Ni kama kuziba mfereji kwenye kijito, kabla maji hayajatawanyika mashambani.

Basi wake walioolewa vijijini, ambao hawajafika Nairobi hata siku moja, walikingwa na wanawake wa Majengo. Hawakuwajua, wala hawakuwashukuru.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna ushahidi wetu pia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, vituo vya afya viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Mahali palipoboreshwa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu 40 katika kila 100 yakilinganishwa na mahali pengine. Tazama, hiyo ni kazi ya zahanati za kawaida.

5. KINGA ZA SIKU HIZI

Siku zile kinga ilikuwa kondomu tu, na kutibu magonjwa mengine ya zinaa. Leo zipo nyingine. Tuzitaje moja moja.

Kwanza, kupima. Bila kupima hujui uanzie wapi.

Pili, dawa za ARV. Hazimalizi virusi vyote mwilini, lakini huvibana visiongezeke. Mtu anayemeza dawa kila siku, na kipimo kikaonyesha kwamba virusi havionekani tena katika damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini asiache dawa.

Tatu, dawa kinga, zinazoitwa PrEP. Hizi humezwa na mtu ambaye hana virusi lakini yuko katika hatari.

Nne, dawa za dharura, zinazoitwa PEP. Mtu aliyebakwa, au aliyepasukiwa kondomu, akimbilie kituo cha afya mapema. Muda usizidi saa 72, yaani siku tatu.

Tano, kondomu yenyewe. Haijapitwa na wakati. Huzuia UKIMWI, magonjwa mengine ya zinaa, na mimba.

Pamoja na hayo, kazi bado ni kubwa. Upimaji wa mwaka 2010 Dar es Salaam ulionyesha kwamba karibu 31 katika kila wanawake 100 wa biashara hii walikuwa na virusi. Katika wanawake wote wa Tanzania wenye miaka 15 na zaidi, uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulipata chini ya 6 katika kila 100.

6. VIZUIZI

Dawa zipo, kwa nini wengine hawazifikii? Kizuizi cha kwanza ni aibu. Mwanamke anafika zahanati, anasikia wahudumu wakinong'onezana, anageuza njia. Harudi tena. Cha pili ni hofu. Sheria inaikataza kazi yake, hivyo akipigwa au akibakwa anaogopa kwenda polisi. Cha tatu ni kuhamahama. Leo yuko mgodini, kesho mwaloni, na kadi yake ya dawa imebaki mahali pengine.

Cha nne ni fedha. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Huko Kenya baadhi ya vituo vilivyowahudumia wanawake hawa vilifungwa. Hapo tujifunze jambo moja. Kazi inayotegemea mfuko wa mtu wa mbali inaweza kukatika kwa siku moja. Lakini mafundisho ambayo mtu amempa mwenzake, na heshima anayopewa mgonjwa katika zahanati ya kijiji, havingoji fedha kutoka ng'ambo.

7. SISI KIJIJINI TUFANYE NINI?

Tuseme binti yetu amerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Watu wanasema hili na lile juu ya kazi aliyofanya mjini. Amekonda. Ana dawa ndani ya mkoba, na anazimeza gizani ili mama yake asione. Tukimsimanga, ataacha dawa. Akiacha dawa, virusi vitaamka tena, naye anaweza kufa. Tukimwambia, "Karibu mwanetu, kesho twende zahanati ukaandikishwe," tumemwokoa.

Kwa hiyo tunashauri haya:

Wazazi, msimfungie mlango mtoto aliyerudi.

Ndugu wa marehemu, mwacheni mjane na shamba lake. Mjane mwenye shamba halazimiki kutafuta chakula kwa mwili wake.

Wanaume mnaosafiri, mkapime, na mseme ukweli nyumbani.

Wajumbe wa kamati ya zahanati, hakikisheni kila mgonjwa anapokewa vizuri, na siri yake inatunzwa.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunaongeza: anayemlazimisha mwenzake kuficha maradhi, naye ana lawama.

MANENO YA KUKUMBUKA

Virusi: vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Virusi vya UKIMWI huitwa VVU kwa kifupi.
Mwelimishaji rika: mtu anayewafundisha wenzake walio katika hali kama yake.
Maambukizo: kuingia kwa virusi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wanawake wa Majengo waliwasikiliza wenzao?
2. Eleza jinsi kumkinga mwanamke mmoja wa mjini kunavyoweza kumkinga mke wa kijijini.
3. Kati ya vizuizi vinne tulivyovitaja, ni vipi viko katika kijiji chako? Nani anaweza kuviondoa?
4. Msomee somo hili jirani yako asiyejua kusoma. Sikiliza atakavyosema, kisha mjadiliane.