Mteja Wako Ni Nani Kisheria? Mwongozo wa Mashauri ya Uhamiaji kwa Mawakili wa Tanzania

Wakili wa ardhi au wa mirathi mara nyingi huletewa faili la uhamiaji mambo yakiwa yameshaharibika. Mteja yuko mahabusu, au pasipoti imezuiliwa na ofisi ya mkoa, au mwajiri amepewa siku chache za kujieleza. Anayeletewa faili hilo hushawishika kukimbilia kutafuta kibali. Mwongozo huu unashauri uanze kwingine. Kabla ya kuuliza mteja anahitaji karatasi gani, jiridhishe yeye ni nani mbele ya sheria: raia, mgeni mwenye ruhusa, mgeni asiye na ruhusa, mkimbizi, au mtu aliyesafirishwa kiharamu. Kila hadhi ina sheria yake, mamlaka yake na njia yake ya kupinga uamuzi, na kosa la mahojiano ya kwanza humfuata mteja hadi mpakani.

Sheria za kuwa nazo mezani ni hizi: Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Uraia, Sura ya 357, zote mbili za mwaka 1995, Sheria ya Wakimbizi ya 1998, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia. Kabla ya kunukuu kifungu, hakikisha unasoma Juzuu za Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la Mwaka 2023, kwa kuwa namba ulizozoea huenda zimebadilika.

Anza na uraia hata pale mteja mwenyewe anapokuambia yeye ni mgeni. Sheria ya Uraia inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano, Aprili 26, 1964, au baada yake, anahesabiwa kuwa raia, isipokuwa katika hali finyu kama ya mtoto wa mwanadiplomasia ambaye hana mzazi aliye raia. Katika utendaji, maofisa hudai uthibitisho kwamba angalau mzazi mmoja ni raia. Wakili makini hujenga hoja kwa pande zote mbili. Anasimamia maneno ya sheria, na wakati huohuo anakusanya ushahidi wa wazazi: vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, kumbukumbu za shule na kliniki, kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, na viapo vya wazee wa kijiji wanaoijua familia. Kwa wateja wa Kagera, Kigoma au Tarime, ambako koo zimekaa pande mbili za mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa, viapo hivyo huweza kuwa ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote. Vikusanye mapema, wazee wangali hai.

Soma pia hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika maombi namba 012/2015 dhidi ya Tanzania, iliyotolewa Machi 22, 2018. Mlalamikaji alinyang'anywa pasipoti na kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akabaki kuishi kwenye eneo lisilo la nchi yoyote huko Sirari. Mahakama ilisema kwamba mtu anapokuwa na nyaraka zinazoonyesha uraia, Serikali inayoukana ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kuishtaki Tanzania moja kwa moja katika mahakama hiyo, kwa kuwa nchi iliondoa tamko lake. Hata hivyo hoja ya mzigo wa ushahidi bado inaweza kujengwa mbele ya Mahakama Kuu.

Mambo mawili ya uraia huwashangaza wateja. Mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, hivyo Mtanzania anayekula kiapo cha uraia wa Marekani au Uingereza kwa hiari yake anaupoteza wa kwetu. Na ndoa humfungulia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba tajinisi, lakini haimfungulii mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania. Ubaguzi huo ni wazi, na wakili ana wajibu wa kumweleza mteja bila kuficha.

Kwa wafanyakazi, kumbuka vibali ni viwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, Daraja A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi na watafiti. Kimoja hakizibi pengo la kingine. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kwa mara moja, na kikihuishwa jumla yake kwa kawaida haivuki miaka 5. Mwajiri lazima aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania akakosa, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi. Raia wa Kenya au Uganda haombi viza, lakini hilo halimruhusu kuanza kazi bila vibali. Uhamiaji ni jambo la Muungano na kazi si la Muungano, kwa hiyo mfanyakazi wa hoteli Nungwi anafuata sheria ya kazi ya Zanzibar na mamlaka zake.

Hapa pia amua unamwakilisha nani. Mwajiri ndiye analipa ada, lakini anayeondolewa nchini ni mfanyakazi. Ikiwa fomu ilieleza cheo tofauti na kazi inayofanyika, maslahi yao yameshaachana. Mshauri mmoja wao, kwa maandishi, atafute wakili wake.

Eneo linaloniumiza zaidi ni mahakama za chini, kwenye makosa ya kuwepo nchini isivyo halali. Vijana wa Ethiopia wanaopitia Kenya kuelekea Afrika Kusini hukamatwa kwa makundi, husomewa shtaka pamoja na kukiri pamoja. Mwaka 2012 zaidi ya 40 kati ya wasafiri wa njia hiyo walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Wengi wa wanaopita hapa ni Wahadiya na Wakambata, na mkalimani wa Kiamhari huenda asiwatoshe. Kanuni ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyowekwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, inadai kila mshtakiwa aelezwe viini vya kosa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake, kisha apewe nafasi ya kupinga maelezo ya mashtaka. Jibu moja la kundi zima halitimizi hayo. Ikague kumbukumbu ya siku ya kukiri kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu aliyekiri kihalali hubakiwa na rufaa dhidi ya adhabu tu. Na kabla hajakiri, muulize faraghani kwa nini aliondoka kwao. Anayekimbia mateso analindwa na Mkataba wa 1951, ambao kwa masharti yake unazuia kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali. Aliyedanganywa na kuuzwa ni shahidi na mwathirika.

Maamuzi mengi ya utawala hukatiwa rufaa kwa Waziri, na sheria huyaita ya mwisho. Hilo haliifungi Mahakama Kuu kuangalia uhalali wa uamuzi. Omba kibali cha mapitio ndani ya miezi 6, na ukikipata wasilisha maombi yenyewe ndani ya siku 14. Dai sababu za uamuzi kwa barua tangu siku ya kwanza, tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ambatanisha ombi la zuio la muda kwa hati ya dharura, kwa kuwa mteja anaweza kuvushwa mpaka kabla faili halijapangiwa jaji.