Mpira Kwanza, Safari Baadaye

Kifua kimekuchoma ghafla upande mmoja na pumzi inakatika. Usijiambie ni kichomi cha baridi ya huku kwetu Mawengi. Huenda pafu limevuja, hewa imejaa kifuani na pafu limesinyaa.

Nenda kituo chenye eksirei leo hii. Ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, kimbilia kituo cha karibu zaidi. Hewa inaweza kutolewa kwa sindano, na hapo dakika zina thamani.

Ukipewa rufaa ya mbali, uliza kama uwekewe mpira wa kutoa hewa kabla ya kuondoka. Njombe mjini, utakakopita, ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kadiri gari linavyopanda.

Omba gari la wagonjwa na muuguzi. Chupa iliyounganishwa na mpira huo ikae wima, chini ya usawa wa kifua chako. Isipandishwe juu kwenye mizigo. Ikiwa bado inatoa mapovu, mtu asiufunge wala kuubana mpira. Hewa itarudi kukaba pafu.

Wengi hupona kwa mpira peke yake. Ila karibu mtu 1 kati ya 3 hurudiwa. Pafu likisinyaa mara ya pili upande uleule, au hewa ikiendelea kuvuja kwa siku kadhaa, ulizia upasuaji wa matundu madogo. Unalazwa kwa nusu kaputi, kamera inapita tundu dogo mbavuni, daktari anaziba sehemu inayovuja, kisha analifanya pafu lishikamane na ukuta wa kifua. Hans Christian Jacobaeus wa Uswidi alieleza namna ya kuchungulia kifua kwa tundu tangu 1910, kwa hiyo usiogope kwamba unajaribiwa.

Ukisafiri kufuata upasuaji huo, Makambako barabara inagawanyika: huku Mbeya, kule Iringa na Dar es Salaam. Usifike pale hujui unaelekea wapi. Mwombe daktari anayekupa rufaa apige simu kwanza. Je, bingwa wa upasuaji wa kifua yupo? Kamera inafanya kazi wiki hii? Bima yako inalipia nini?

Kamera ikikosekana, usikatae kufunguliwa kifua. Kidonda ni kikubwa na maumivu huchukua muda zaidi, lakini kazi hufanyika vizuri.

Omba pia makohozi yapimwe. Kifua kikuu kinaweza kutoboa mapafu, na dawa zake ni bure.

Ukirudi nyumbani, sigara basi. Magunia ya viazi wabebe wengine mpaka daktari akuruhusu. Usipande ndege wala kupiga mbizi Ziwa Nyasa bila ruhusa ya bingwa wa kifua. Jikoni kaa mbali na moshi wa kuni, hata baridi ikizidi.

Picha za eksirei zihifadhi pakavu, pamoja na karatasi ya ruhusa. Homa, usaha au pumzi kubana ikitokea, beba zote unapokwenda hospitali.