Moshi wa Dizeli Kuukuu: Usitazame Rangi Tu, Tazama na Wakati

Karibu kila dereva wa Kampala mwenye dizeli ya zamani ana kanuni moja kichwani: moshi mweusi ni nozo, mweupe ni gasketi ya hedi, wa bluu ni ringi. Kanuni hiyo si ya uongo. Ila ni nusu ya maneno, na nusu hiyo inatosha kabisa kumpeleka mtu Kisekka akanunue nozo nne ambazo gari lake halikuzihitaji. Msimamo wangu ni kwamba rangi hukuonyesha kinachotoka kwenye bomba, kama ni masizi, dizeli mbichi, mvuke wa maji au oili, lakini haikuambii kwa nini kinatoka. Swali hilo hujibiwa na wakati. Je, moshi unatoka asubuhi injini ikiwa baridi, unatoka mlimani, baada ya kukaa kwenye foleni, au muda wote? Nazungumzia hasa magari tunayoyaona hapa mjini kila siku: HiAce za 3L na 5L, Surf na Prado za 1KZ, Land Cruiser za 1HZ, Pajero za 4D56. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa, lakini haikuyaondoa yaliyokwisha kuingia. Dizeli hizi tutaishi nazo bado.

Tuanze na mweupe, kwa sababu ndio unaotisha watu bure. Dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Joto likipungua, mafuta hutoka kama ukungu unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi. Asubuhi za Kampala si za baridi ya kuisumbua injini yenye afya. Kwa hiyo gari likitetemeka na kutoa ukungu huo dakika za mwanzo, kisha likatulia na moshi ukaisha, mtuhumiwa wa kwanza ni plagi za joto, hasa kwenye 3L, 1HZ na 1KZ, ambazo huunguzia mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni na huzitegemea sana plagi hizo wakati wa kuwaka. Kuzipima ni rahisi: ondoa kiungo cha waya juu yake, funga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye ncha chanya ya betri, kwa waya wa pili gusa kichwa cha kila plagi. Taa isipowaka, plagi hiyo imekatika. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto ndio unaokupeleka kwenye kompresheni au taimingi ya pampu. Kuna na sababu ya kujitakia, nayo ni tamostati iliyong'olewa ili gari lisichemke. Injini inakaa baridi, mafuta hayaungui vizuri na silinda zinalika. Kama yako iling'olewa, rudisha nzima kwanza, ndipo uanze kupima mengine.

Mvuke wa maji ni kesi tofauti kabisa. Hupotea hewani haraka, hauwashi macho, na ushahidi wake mwingi uko nje ya bomba. Maji ya rejeta hupungua bila kuvuja chini; mipira ya rejeta huwa migumu kwa presha asubuhi kabla hujawasha; na ukifungua kifuniko injini ikiwa baridi, kisha ukawasha, mapovu hupanda bila kukoma. Dalili hizi zote zikikosekana, usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu tu moshi ni mweupe. Zikiwapo, na gari ni 1KZ, injini ambayo sifa yake mbaya ni kupasuka hedi, lisimamishe siku hiyo hiyo.

Mweusi ndio wenye ubishi, na ubishi wenyewe una mantiki. Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta yamezidi hewa. Watetezi husema Kampala iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo dizeli lazima ifuke. Ni kweli kwamba mji huu uko kama mita 1,200 juu ya bahari na hewa yake ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo, ambayo pampu yake ilisetiwa kwa hewa ya pwani na haina kifaa cha kurekebisha mafuta kwa mwinuko, itatoa moshi mwembamba ukikanyaga akseleta mpaka chini kwenye mlima wa Muyenga. Hapo sina la kupinga. Lakini gari lililopanda mlima ule mwaka jana likiwa safi, na mwaka huu linaacha wingu nyuma, haliwezi kujitetea kwa mwinuko, maana Kampala haijapanda. Injini yenye turbo nayo haina udhuru huo kwa kiasi kile, kwa kuwa kazi ya turbo ni kusukuma hewa ya ziada.

Kwa hiyo jaribio la moshi mweusi hufanywa barabarani, si kwenye uwanja wa gereji. Panda kilima kwa gia ile ile, ukiwa na abiria, mtu mwingine akifuata nyuma akiangalia. Moshi ukitoka mara moja unapokanyaga kisha ukakatika, turbo inachelewa kidogo tu, na hilo kwa gari kuukuu linavumilika. Ukitoka mfululizo huku nguvu zimepungua na mluzi unasikika, tafuta mpira wa hewa uliopasuka kati ya turbo na injini kabla hujaituhumu turbo yenyewe. Ukiongezeka polepole kwa miezi, anza na eya klina; vumbi la barabara za murram huijaza haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Na kama gari lilikuwa la mizigo, uliza iwapo skrubu ya pampu iliwahi kufunguliwa ili lipate nguvu. Hufanyika sana, na hakuna nozo mpya itakayoponya pampu inayomwaga mafuta kupita kiasi. Nozo zenyewe nazituhumu pale moshi mweusi unapoambatana na mlio mkali wa kugonga na mtetemo hata gari likiwa limesimama.

Utetezi wa pili ni mafuta machafu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa hewa yetu; lakini salfa kidogo haitengenezi nozo mbovu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo ina madhara, ila madhara yake makubwa ni kwamba hailainishi vizuri, hivyo pampu na nozo hulika taratibu. Ukishuku mafuta, mwaga maji yaliyokusanyika kwenye kichujio cha dizeli, kisha nunua kituo kingine mpaka tangi la zamani liishe. Moshi usipobadilika, acha kulaumu kituo.

Kwa moshi wa bluu naomba msomaji asahau aliyoyasikia kuhusu magari ya petroli. Injini ya petroli hunyonya kwa nguvu ukiachia akseleta mteremkoni, na oili hupenya kwenye valvu. Dizeli hizi za zamani kwa kawaida hazizibi njia ya hewa kwa namna hiyo, kwa hiyo jaribio la mteremko halina uzito ule ule. Kwanza pima oili yenyewe, maana iliyozidishwa nayo hufuka. Kisha, injini ikiwa ya moto na ikiunguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi nzito zikisukuma kifuniko na moshi ukafuka humo, gesi inapita kwenye ringi. Pumzi zikiwa ndogo, vua mpira wa hewa unaotoka turbo, injini ikiwa imezimwa: dimbwi la oili humo lina maana kwamba kufungua injini si jibu, turbo ndiyo inayotazamwa.

Ili kujua ni silinda gani yenye tatizo, fundi anaweza kulegeza nati za mabomba ya nozo moja moja injini ikiunguruma. Silinda ambayo sauti haibadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Njia hiyo ni ya pampu za zamani pekee. Kwenye 1KD na injini nyingine za komoni reli ni marufuku, kwa sababu presha ya mafuta humo huweza kuzidi baa 1,000 na mchirizi wake hutoboa ngozi.

Wapo watakaosema haya yote ni kazi ya fundi, mwenye gari alipe tu. Fundi hodari wa Ndeeba au Katwe anajua kunizidi, sibishi. Ila yeye huliona gari likiwa limesimama, mara nyingi likiwa la moto, bila mzigo. Asubuhi na mlima unavijua wewe. Wengine watasema gari linatembea, moshi una ubaya gani? Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na anayeuvuta kwanza ni bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni ya Wandegeya.

Andika basi kwenye karatasi: rangi ya moshi, wakati unapotoka, harufu, na kinachopungua kati ya maji na oili. Mpe fundi. Akisema oveholi, mwombe apime kompresheni ya kila silinda mbele yako kwanza. Akikataa, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.